Mshale Haukupanda

Misigiri, Jumapili jioni

Mwanangu Zefania,

Usicheke, na usimwite mtu aje kuona. Najua ni miaka mingi sijakuita hivyo. Nilipokuwa mdogo ulikuwa unarudi kutoka gereji, unavua viatu mlangoni, unaniinamia na kusema, "Mama, shikamoo." Nami nakuitikia, "Marahaba, mwanangu, umeshindaje?" Nyumba nzima inacheka. Ulinipa jina la mama yako, Damari, na tangu siku hiyo hujawahi kulitamka ukiniita. Unaniita Mama, kwa heshima yake. Nilipokua nikaona haya, nikaacha kukuitikia mwanangu. Wewe hukuacha kuniita.

Leo nimeitika. Kama binti yako nimejaribu siku kumi na tisa kufungua mdomo, nimeshindwa. Binti hawezi kumwambia baba yake, "Kaa hapo nikuambie." Mama anaweza. Basi kaa hapo nikuambie.

Kesho alfajiri basi la kutoka Kiomboi litapita hapa barabarani, utalipanda mpaka Singida, na kutoka Singida utakwenda Arusha kulinda ghala la watu. Sitasema habari za blanketi, wala mahali pa kushuka, wala nani wa kumsalimia kwanza. Mkeo amekwisha kukuambia yote hayo, na mengine mara mbili. Mimi nina jambo moja, na tangu mchana nalizunguka kama kuku anayetafuta pa kutagia. Nitalifikia. Niache nianze mbali kidogo, la sivyo nitaichana karatasi hii kama nilivyozichana zile nyingine.

Unakumbuka nilipokuwa darasa la tano, ulivyoitwa shuleni? Mwalimu alikuwa anaita majina asubuhi, nami naitika "nipo" kwa sauti ambayo hata jirani yangu wa dawati haisikii. Akaandika sipo. Kesho yake akaandika tena sipo. Nilikuwa nimekaa mstari wa mbele, naiona kabisa kalamu yake inavyonifuta, na sikusema kitu, kwa sababu niliona kumsahihisha mwalimu ni utovu wa adabu. Baada ya majuma mawili ukaletewa barua kwamba binti yako ni mtoro. Ulikuja na ovaroli yako ya oili, ukanikuta nimekaa, daftari liko wazi.

"Huyu ndiye Damari?" mwalimu akauliza. "Mbona huyu yuko kila siku?"

Ulicheka njia nzima ya kurudi. "Mama," ulisema, "Iramba yote hii haijapata mtoro wa dawati la mbele. Wewe ni wa kwanza." Nami nikacheka. Lilikuwa kosa langu kulifanya jambo lile kichekesho tu. Niliamini kunyamaza kwangu kunaniumiza mimi peke yangu, na mimi nimezoea. Sikujua kwamba kunaweza kutoka nje ya mwili wangu, kukapanda gari, kukaenda mpaka mlimani.

Sasa nimefika kwenye gari.

Ilikuwa siku ya gulio. Watoto walilisikia kabla ya kuliona. Gari la spoti, la milango miwili, la zamani lakini limepakwa rangi nyekundu upya, limekaa chini kiasi kwamba Mama Neema wa chai alisema limelala kama bata anayeatamia. Mwenyewe alikuwa Bwana Kassim, yule mnunuzi wa dengu na alizeti, mmoja wa hawa waliotokea tangu biashara ilipofunguliwa. Alilipata kwa mtaalamu mmoja wa kigeni ambaye mradi wake uliisha akarudi kwao. Barabara yetu na gari lile havikuumbwa kukutana. Lakini alilipenda, alikuwa analifuta vumbi kwa leso yake mwenyewe.

"Fundi, mshale wa joto umelala," alikuambia. "Haunyanyuki hata kidogo. Na mimi nina Sekenke mbele yangu. Siwezi kupanda ule mlima kipofu."

Ulichomoa waya kutoka kwenye injini ukaugusisha kwenye chuma, na mimi ukaniweka ndani nitazame. Mshale uliruka mpaka mwisho kama mjusi aliyekanyagwa. "Waya mzima, geji nzima," ukasema. "Sensa ndiyo imekufa."

Mama Neema aliyekuwa anapita na birika akasimama. "Sensa? Tena? Si wametuhesabu juzi tu! Haya, andikeni: kwangu sita, na wa saba yuko njiani."

"Hii inahesabu joto, Mama Neema. Haihesabu watu."

"Basi ije ihesabu la jikoni kwangu, iniambie kama nimeiva."

Mlicheka wote, na Bwana Kassim akatoa mfukoni sensa mpya aliyoagiza Dar es Salaam, imefungwa kwenye kipande cha gazeti. Kidude cha shaba, urefu wa kidole gumba. Nilishangaa kitu kidogo hivyo ndicho kinachompa dereva habari za tumbo la gari.

Kazi ilikuwa kukifikia. Waliotengeneza gari lile walikificha nyuma kabisa ya injini, chini ya kabureta mbili, karibu na ule ukuta wa bati unaoitenga injini na abiria. Ulimwambia ukweli: njia sahihi ni kushusha kabureta zote mbili na mabomba yake, kazi ya siku mbili.

"Siku mbili!" alisema. "Fundi, kungoja kulikuwa kwa zamani, wakati tunapanga foleni ya sukari. Siku hizi ukingoja, mwenzako ananunua mbele yako. Jioni hii lazima niwe Nzega."

Ukajaribu. Mkono wako ukaingia mpaka kwenye vifundo ukakwama, ukautoa umechubuka. Ukajaribu kwa upande mwingine, ukautoa unavuja damu. Ndipo ukageuka ukaniona nimesimama kwenye kivuli cha ukuta, mimi niliyemaliza kidato cha nne na kungojea matokeo, sina kazi ila kuwaletea maji.

"Mama," ukasema, "njoo uniazime mkono."

Nataka ujue kwamba nusu saa ile ilikuwa saa nzuri kuliko zote nilizowahi kuwa nazo. Shavu langu lilikuwa juu ya madigadi yenye joto, mkono umezama mpaka begani, sioni kitu, na sauti yako iko karibu na sikio langu. "Usitumie macho. Kidole ndicho kinaona." Niliifungua ile ya zamani, maji ya uvuguvugu yakanitiririka kiwikoni mpaka kwenye karai. Nikakuuliza kama tuizungushie mpya utepe ili isivuje. Ukasema hapana, sensa hii inasema kupitia chuma, ukiivika nguo itakuwa bubu. "Anza na vidole. Ikikataa, rudisha nyuma, usishindane nayo. Shaba ni laini, ukiilazimisha inakubali vibaya." Nikaanza na vidole. Ikakataa. Nikarudisha nyuma. Ikaingia kama imeitwa. Nikamalizia kwa spana, robo mzunguko, robo mzunguko, mpaka uliposema basi.

Waya uliurudisha wewe mwenyewe, kwa koleo la mdomo mrefu. Ukausukuma. Waya ukasema tik, umekamata.

"Umesikia?" uliniuliza.

Nilisikia. Zefania, mwanangu, nilisikia vizuri kabisa. Isome sentensi hii tena kabla hujaendelea. Ile tik ilikuwepo.

Kisha ukauliza spana iko wapi. Nilikuwa nimeisahau kule nyuma, imelala juu ya kingo ya bati. Nikaingiza mkono nikaishika, nikaivuta kwa haraka, na kichwa chake kikanasa waya. Nilihisi ukichomoka. Ulitoka kirahisi tu, kama jino la mtoto. Nikaacha spana, nikautafuta waya kwa ncha za vidole, nikausukuma mahali pake. Haukusema tik. Nikausukuma tena. Kimya.

Nilitaka kukuambia, nakuapia. Lakini wakati uleule Bwana Kassim alikuwa anakuambia, "Fundi, huyu binti yako anawashinda vijana wa Mwanza. Huko wangenivunjia injini nzima." Nawe ukacheka kicheko ambacho sikuwa nimekisikia tangu shule ilipoanza kudai michango isiyoisha. Ukasema, "Huyu siyo binti yangu, ni mama yangu mzazi." Watu wakacheka. Mimi kichwa changu kikiwa chini ya boneti nikasema moyoni: nitoe kichwa sasa nimwambie nimeharibu? Nikaona mshale utanisemea. Mshale usipopanda, baba atajua mwenyewe, na mimi sitakuwa nimesema kitu. Nikatoa mkono na spana.

Ukawasha gari, ukaniambia nikae ndani niutazame mshale. Wewe ulirudi mbele, boneti imekuficha. Bwana Kassim alisimama mlangoni kwangu, amenipa mgongo, anazungumza na watu waliokuja kushangaa gari. Dakika zikapita. Injini inanguruma, na mshale umelala palepale kwenye baridi. Ndipo ukapaza sauti:

"Mama! Mshale haujapanda tu?"

Nikajibu, "Ndiyo."

Ndiyo, haujapanda. Hivyo ndivyo tunavyojibu nyumbani kwetu, kwa Kiswahili na kwa Kinyiramba. Mkeo akiniuliza "Hujala?" na mimi sijala, nasema ndiyo, anakwenda kunipakulia. Ungekuwa umesikia wewe, ungeelewa. Lakini sauti yangu haikuvuka hata kioo. Aliyeisikia ni Bwana Kassim. Akaidaka ndiyo peke yake, bila swali lake, akakurushia juu ya kelele ya injini:

"Anasema ndiyo! Umepanda!"

Ukafunga boneti.

Usiniambie kwamba sikuwa na nafasi ya kusema. Nilikuwa nayo. Aliniambia, "Shuka, binti, safari," nikashuka. Alizunguka gari, akapiga mateke matairi mawili, akakupa mkono. Ukamwambia asikimbie, na atazame mshale mlimani, na mpira wa maji wa chini umechoka, aubadilishe akifika. Yote hayo yalichukua muda wa mtu kunywa kikombe cha chai. Mimi nilikuwa nimesimama hatua tatu kutoka kwenu. Watu wazima wawili walikuwa wanaagana, nami nilifundishwa nisiingilie wakubwa wakizungumza. Nilijificha nyuma ya adabu, mwanangu. Adabu ni nzuri, wewe na mkeo mlinilea vizuri, lakini siku ile niliifanya pango.

Gari likaondoka. Nikajiambia labda mshale utapanda likishika mwendo.

Mengine unayajua, lakini unayajua vibaya, ndiyo maana nayaandika. Mpira ule wa chini ulipasuka katikati ya Sekenke. Maji yakaisha, injini ikachemka, na dereva anautazama mshale umelala, anakanyaga mafuta kwa amani. Mpaka moshi. Siku ya tatu Bwana Kassim alikuja amepanda lori, amebeba uso wa mtu aliyetoka msibani. Laiti angekutukana. Alizungumza polepole, mbele ya Mama Neema na wale waliokuwa wanakunywa chai.

"Waya ulikuwa unaning'inia, fundi. Nimeukuta kwa mkono wangu. Naanza kupanda mlima, nautazama mshale uko chini, nasema alhamdulillahi, sensa mpya, injini baridi. Silinda hedi imepinda kama sahani ya plastiki." Kisha akakushika bega. "Ni umri, mzee. Hakuna aibu. Waachie vijana."

Mzee! Wewe, mwanangu, mtu ambaye mvi zako naweza kuzihesabu nikiwa nimesimama.

Hukujitetea. Ungeweza kusema, "Alinisaidia binti." Hukunitaja hata kwa jicho. Ulisema, "Waya niliurudisha mimi. Kosa ni langu." Nami nilikuwa mlangoni, nimeshika ndoo, na sikusema. Hiyo ilikuwa mara ya pili.

Mara ya tatu ilikuwa jioni ile. Uliniita kwenye benchi, ukatazama mikono yako yote miwili kana kwamba umeletewa ya mtu mwingine. "Mama, niambie kweli. Wewe ulisikia tik?"

"Nilisikia, baba."

Ukatikisa kichwa. "Unanihurumia tu. Kama waya ungesema tik, usingechomoka kwa mwendo wa kutoka hapa mpaka Sekenke. Nimesikia kitu kisichokuwepo." Kisha ukasema lile neno ambalo tangu siku hiyo linaamka na mimi: "Leo ni waya wa joto. Kesho nitasikia tik kwenye breki za basi, nitaua watu."

Nilikuwa nimekuambia kweli, na kweli hiyo ikafanya kazi ya uongo, kwa sababu nilikupa nusu. Sikujua kwamba inawezekana. Nilidhani kweli ikishatamkwa inajitegemea.

Kesho yake alisimama dereva wa lori la vitunguu, klachi inamsumbua. Ulikuwa umekaa palepale kwenye benchi. "Gereji imefungwa," ukamwambia.

"Fundi, hata kuangalia tu?"

"Hata kuangalia."

Aliondoka anakokota gari lake kama mgonjwa, akigeuka kukutazama.

Na usiku mmoja, tukila, ulipotuambia habari za Arusha, mkeo aliweka kijiko chini. "Mlinzi? Baba Damari, wewe? Mvua ya mawe ilitoboa bati juu ya kitanda, ukaamka asubuhi ukaniuliza maji haya yametoka wapi! Wezi watakuhamisha na kitanda chako."

"Nitajifunza kukesha," ulisema.

Siku nyingine tungecheka mpaka majirani wasikie. Ulisema bila tabasamu, na yeye akaanza kukusanya vyombo kabla hatujamaliza kula. Nilimfuata jikoni nikamkuta amesimama tu, ameshika sufuria, haoshi. Alisema, "Baba yako haogopi kazi. Anajiogopa mwenyewe. Ningejua nani kamtia hofu hiyo ningekwenda kumng'oa nywele." Nikamsaidia kuosha sufuria.

Nina jingine la kukiri. Hili ni la zamani, na si langu peke yangu, lakini nimekaa nalo mimi.

Siku ulipoondoka hapa mara ya kwanza, kijana, kwenda Singida kujifunza ufundi, mama yako hakutokea kukuaga. Umetusimulia mara nyingi: ulisubiri, ukasubiri, ukaondoka na sanduku lako la bati ukijua kwamba amekasirika, alitaka ubaki na ng'ombe. Mwaka ule alipougua, nilipokuwa nampelekea uji, aliniambia alikuwa wapi. Alikuwa kwenye mtama. Amechuchumaa, amejifunika kaniki, anakuona unapita karibu kabisa, angeweza kukugusa mguu. Hakuwa na hasira. Alijua ukimwona analia hutakwenda, naye alitaka uende. "Nilitaka awe fundi," aliniambia. "Tangu alipofungua saa ya mchungaji na kuifunga ikatembea. Lakini mwaka mzima hakuleta hata salamu, na mimi nikaona haya kueleza. Wewe una jina langu. Mwambie."

Sikukuambia. Kwanza nilikuwa mdogo, maneno ya wakubwa yananishinda. Kisha akafariki, nikaona si wakati wake. Kisha ikawa muda umepita mno, nikaona utaniuliza kwa nini nimekaa nalo. Miaka saba nimelibeba neno la mama kwa mwanawe kama mtu aliyepewa mzigo stendi akasahau pa kuushusha. Sasa nimeushusha. Alitaka uwe fundi. Alijificha ili uwe fundi.

Ndiyo maana nasema sisi akina Damari tuna ugonjwa wetu. Tunanyamaza tukidhani tunapenda. Yeye alinyamaza kwa kukupenda kweli. Mimi nilinyamaza kwa kupenda kicheko chako siku ile, nisikivunje. Wewe ndiye uliyelipa kwa wote wawili: mara moja ukaamini mama yako hakutaki, na sasa unaamini mikono yako imekufa.

Haijafa. Alhamisi iliyopita cherehani ya mkeo ilikwama. Ulikuwa unapita tu, hukukumbuka kwamba umeacha ufundi. Ulifungua, ukatoa uzi uliojisokota chini, ukafunga, ukatunga uzi kwenye sindano mara moja, mwanga wenyewe ni wa mlangoni. Mimi na macho yangu ya miaka kumi na minane natunga mara nne. Kisha ukakumbuka, ukaiacha kana kwamba imekuunguza. Nilikuwa nimekaa kwenye gunia, nilikuona.

Sina hekima nyingi za kukupa. Mama yako wa kweli angekuwa nazo. Mimi nina hizi nilizozipata majuma haya matatu, bado mbichi. Mtu anayekuogopa au anayekupenda mno akikujibu ndiyo, muulize ndiyo ipi. Mwambie aseme sentensi nzima. Na siku mwingine akitaka kukuambia kwamba umezeeka kwa sababu ya waya mmoja, mwache aseme, lakini usimsaidie kusema. Ulimsaidia Bwana Kassim. Ulichukua neno lake ukaenda nalo nyumbani, ukalilisha, likakua.

Jumatano nitakwenda Iguguno, nasikia ndiko anakonunua alizeti msimu huu. Nitamwambia mwenyewe. Naogopa hata kuandika kwamba nitamwambia. Lakini nimeandika, na wewe ni shahidi. Kama utataka kuja nami, sawa. Kama hutataka, nitakwenda na mkeo, ambaye hajui bado, na ambaye amekwisha ahidi kung'oa nywele za mtu.

Sasa nikuambie barua hii ilivyokusudiwa kufika. Nilipanga kuiweka chini kabisa ya begi lako, ndani ya shati la Jumapili. Ungeikuta Arusha. Ungeisoma ukiwa umekwisha kuvaa koti la mlinzi, na sanduku lako la spana limekwisha kwenda na Selemani, fundi uliyemwahidi kumwuzia, ambaye atapita kesho kabla ya basi kulichukua. Mimi ningekuwa huku, nimesema kila kitu, na hakuna anayenitazama. Nilifurahi nilipofikiria hivyo. Nilifurahi mpaka nikajistukia. Ingekuwa ni kunyamaza tena, ila kwa wino.

Kwa hiyo sitaiweka kwenye begi. Kutoka hapa dirishani nakuona. Uko uani, umekaa juu ya debe, unazifuta spana moja moja kwa mafuta kabla ya kuzipanga, ili Selemani azikute safi. Jua bado lipo, unaweza kusoma bila taa. Nitatoka sasa hivi nikupe mkononi, na nitasimama mbele yako mpaka ufike mwisho.

Kwa hiyo unaposoma hapa, miguu unayoiona ni yangu. Sijakwenda jikoni. Sijakwenda popote. Waya niliuchomoa mimi, mshale haukupanda, na nilijua. Ukitaka kukasirika, nikasirikie mimi, uiachie mikono yako. Selemani nitamwambia mimi mwenyewe asubuhi arudi kwake, hata kama atapiga kelele, nimeanza kuzoea kusema. Na ukiona bado Arusha inakuita, nenda, mwanangu, sitakuzuia, lakini nenda na sanduku lako.

Damari